Maji Haya Tumeyalipia: Historia ya Maji Salama Njiani na Kambini



Sisi tunaopita kwenye bloku na kile kichupa cha kupimia klorini tunajua maneno tunayokutana nayo mlangoni. Tunatia maji kidogo, tunadondosha kidonge, tunatikisa, tunasubiri yageuke pinki. Yakigeuka, dawa ipo. Yakibaki meupe, dawa imekwisha. Wakati tunasubiri, mama mmoja atasema maji ya bomba yananuka. Mzee atasema hiyo dawa ni ya wazungu, kwao Fizi walikunywa maji ya mto na hakuna aliyekufa. Kijana wa umri wetu atacheka na kusema inapunguza nguvu za kiume. Halafu tukigeuka, tunasikia maji yanamwagwa na mtoto anatumwa kijitoni akachote "maji matamu".

Tumeona bango la "Chemsha maji" halitoshi kujibu maneno hayo. Mabango tumeyaona tangu tuko watoto wadogo. Kinachokosekana ni hadithi yenyewe: haya mambo ya kuchemsha, kuchuja, kuanika chupa juani na kutia klorini yalitoka wapi, na nani alilipa bei yake. Tumesoma, tumeulizana, tumebishana wenyewe kwa wenyewe. Tulichokiona ni hiki: sehemu kubwa ya elimu ya maji salama ya leo ilipatikana kwa watu waliokuwa njiani, watu wasio na nyumba wala kisima. Yaani watu kama sisi.

Walipokuwa safarini watu wa zamani

Tatizo la maji ya safarini ni la zamani sana. Herodotus, Mgiriki aliyeandika historia zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, anasimulia kwamba Koreshi mfalme wa Uajemi akienda vitani alibebewa maji ya mto mmoja tu, Choaspes, yaliyochemshwa na kuwekwa katika mitungi ya fedha juu ya magari ya kuvutwa na nyumbu. Mfalme hakujua bakteria ni nini. Alijua tu kwamba maji ya ugenini yanaangusha watu. Askari wake wa kawaida, hao hawakubebewa mitungi.

Huku kwetu Afrika, wanawake wa kando ya Nile nchini Sudan walikuwa na ujuzi wao. Wakati mto umejaa tope, walitwanga mbegu za mlonge, wakakoroga unga wake katika maji, wakaacha yatulie. Tope linashikana, linashuka chini, juu yanabaki maji maang'avu. Katika miaka ya 1970 na 1980 mtafiti Samia Al Azharia Jahn alikaa na wanawake wale, akaandika wanavyofanya, na wanasayansi wa nchi nyingine wakaanza kuupima mlonge maabara. Wakakuta kweli: tope likishuka linashuka na sehemu kubwa ya vijidudu. Sehemu kubwa, si vyote. Kwa hiyo mlonge ni hatua ya kwanza, haumalizi kazi. Lakini mzee anayesema elimu hii yote ni ya wazungu, hapo tunamwambia hapana, mzee wetu. Mlonge hata hapa kambini umeota kwenye ua za watu.

Tukija karibu zaidi: njia ya misafara. Karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilitoka pwani mpaka Ujiji, hapa hapa mkoani Kigoma, na kuvuka ziwa kwenda upande wa Kongo. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia Zanzibar na kuua watu maelfu. Daktari James Christie, Mskoti aliyekuwa anafanya kazi Zanzibar, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, kikatoka 1876. Alionyesha kwamba ugonjwa haukuanguka kutoka mbinguni. Ulifuata njia za watu: mashua, misafara, soko. Mpagazi aliyebeba mzigo alibeba na ugonjwa, maana wote walikunywa katika dimbwi moja na kujisaidia kando ya dimbwi hilohilo.

Angalieni vizuri hilo. Kosa halikuwa la mpagazi. Yeye hakuchagua njia, hakuchagua mzigo, wala hakuchagua mahali pa kulala. Tutarudi kwenye neno hili "kosa", maana lina historia yake.

Hamburg, 1892: wageni walipolaumiwa

Mwaka 1854 London, daktari John Snow alionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wa mtaa mmoja walikuwa wanakunywa maji ya pampu moja. Mpini wa pampu ukaondolewa. Wakubwa wengi hawakumwamini. Wao waliamini ugonjwa unatoka katika hewa chafu yenye harufu mbaya. Miaka 30 baadaye, Robert Koch wa Ujerumani alikionyesha kijidudu chenyewe, baada ya kwenda Misri na India mwaka 1883 na 1884.

Bado watu walikuwa wabishi. Hamburg, mji mkubwa wa bandari huko Ujerumani, ulikuwa unachota maji ya mto Elbe na kuwapelekea watu bila kuyachuja. Jirani yake ulikuwa mji wa Altona. Miji hii miwili ilishikana hivi kwamba kuna mahali mpaka ulikuwa mtaa tu, upande huu Hamburg, upande ule Altona. Altona nao walichota Elbe, tena chini zaidi, mahali ambapo mto umeshapokea uchafu wote wa Hamburg. Tofauti yao ni moja: Altona walipitisha maji yao polepole katika mchanga kabla ya kuyagawa. Juu ya mchanga ule hujijenga utando mwembamba wa viumbe vidogo, na huo utando ndio unaokamata na kula vijidudu.

Agosti 1892 kipindupindu kikaingia. Hamburg walikufa watu zaidi ya 8,000 kwa wiki chache. Altona, ng'ambo ya mtaa, ugonjwa uligusa kidogo tu. Hewa ni moja, mto ni mmoja, hali ya hewa ni moja. Kilichotofautiana ni mchanga.

Sasa sikilizeni upande ambao mabango hayausemi. Wakati ule Hamburg ilikuwa na maelfu ya wahamiaji kutoka Urusi, wengi wao Wayahudi waliokuwa wanakimbia mateso, wanasubiri meli za kwenda Marekani. Waliwekwa katika mabanda bandarini. Mji ulipoanza kufa, watu wengi waliwanyooshea vidole wao. Wao ndio walioleta. Wao ndio wachafu. Marekani nayo ikaweka karantini ya siku 20 kwa meli za wahamiaji. Lakini ugonjwa hata kama uliingia na msafiri mmoja au kumi, walioupeleka kila jikoni ni mabomba ya mji uliokataa gharama ya mchanga. Baada ya vifo vyote vile, Hamburg waliharakisha kumaliza chujio lao, likaanza kazi mwaka uliofuata.

Sisi tunaoishi kambini neno hili tunalijua. Ugonjwa ukitokea kijiji jirani, wa kwanza kutazamwa ni mkimbizi. Ukisikia hivyo usitukane mtu. Mwambie habari ya Hamburg na Altona.

Askari, wapagazi na mfuko wa turubai

Vita ya kwanza ya dunia, 1914 mpaka 1918, ilipiganwa na huku Afrika Mashariki. Jeshi la Waingereza peke yake lilichukua mamia ya maelfu ya Waafrika kubeba mizigo. Waliitwa Carrier Corps, na jina hilo ndilo lililogeuka kuwa Kariakoo, lile soko la Dar es Salaam ambalo kila mtu analijua. Wapagazi makumi ya maelfu walikufa, na wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa magonjwa, na kuhara damu kulikuwa kati ya wauaji wakubwa. Walikuwa wanalala nje, wanatembea na mvua, wanakunywa walichokikuta.

Miaka hiyohiyo elimu ya klorini ilikuwa ipo tayari. Mwaka 1908 maji ya mji wa Jersey City, Marekani, yalianza kutiwa klorini kila siku, na swali la kama dawa hiyo ni salama kwa watu likafika hadi mahakamani. Daktari John Leal, aliyeleta wazo hilo, alisimama kortini akaeleza kwamba kwa kiasi kile kidogo haidhuru mtu, na mahakama ikakubali. Kwa hiyo ule uvumi tunaosikia mlangoni una zaidi ya miaka 100. Haukuanzia Kongo wala Burundi.

Jeshi la Marekani nalo lilikuwa na mfuko wa turubai wa kuning'iniza kwenye miti mitatu, unaingiza lita 136 hivi, una vibomba vidogo chini kuzunguka. Ulitengenezwa na daktari wa jeshi anayeitwa Lyster. Unajaza maji, unatia unga wa klorini, unakoroga, unasubiri nusu saa, askari wanajaza chupa zao. Ukiwaza vizuri, ule mfuko ni babu wa haya matanki ya mpira na vibomba tunavyopangia foleni. Kitu cha vitani kiligeuka kuwa kitu cha kambini. Lakini hakikumfikia mpagazi wetu wa Kariakoo. Elimu ilikuwepo, yeye hakuwa kwenye orodha. Hilo nalo ni sehemu ya historia ya maji salama: si kujua tu, ni nani anapewa.

Kambi zilizofundisha dunia

Hapa ndipo tunapotaka mkae vizuri, maana ndiyo sehemu yetu.

Mwaka 1971 watu kama milioni 10 walikimbia vita ya Pakistan ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh, wakaingia India. Katika mji wa Bongaon mpakani, kipindupindu kiliwakumba kambini. Wagonjwa walilala chini sakafuni, katika matapishi. Maji ya dripu yakakaribia kwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua jambo ambalo madaktari wengi hawakuliamini: akachanganya chumvi, glukosi na magadi katika maji safi, akaweka kwenye madumu makubwa yenye bomba, akawapa ndugu za wagonjwa vikombe wanyweshe wenyewe. Vifo vilikuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100. Vikashuka chini ya 4. Ile pakiti ya ORS unayopewa zahanati, hapo ndipo ilipojithibitisha: kambini, mikononi mwa mama na dada, si katika hospitali kubwa.

Malawi, mwanzo wa miaka ya 1990, ilipokea zaidi ya wakimbizi milioni moja kutoka Msumbiji. Katika kambi ya Nyamithuthu watafiti walishangaa: maji yakitoka kisimani yako karibu safi kabisa, lakini yakifika nyumbani ni machafu. Yanachafukia wapi? Walipofuatilia, wakaona ni ndoo na mikono. Mtu anasuuza ndoo kwa kiganja, anatumbukiza kikombe, mtoto anatumbukiza mkono. Mwaka 1993 wakatoa kwa baadhi ya familia ndoo yenye mfuniko usiotoka, tundu dogo la kujazia na mdomo wa kumiminia. Mkono hauingii. Ndani ya miezi 4, kuhara kwa watoto chini ya miaka 5 kulipungua kwa asilimia 31 kwenye nyumba zile. Hakuna dawa hapo, ni mfuniko tu. Kwa hiyo tukikuambia funika ndoo na usitumbukize kikombe, si usumbufu. Kuna familia za wakimbizi wa Msumbiji zilizothibitisha kwa watoto wao.

Sudan tena, safari hii juu ya mnyoo wa Guinea. Mnyoo huu unaingia mtu akinywa maji ya dimbwi yenye viroboto vya maji vidogo sana vilivyobeba mabuu yake, halafu baada ya kama mwaka mmoja unatoka kwenye mguu kama uzi. Hauna dawa wala chanjo. Mwaka 1986 walikadiriwa wagonjwa milioni 3.5 kila mwaka duniani. Nyumbani watu walipewa kitambaa cha kuchujia. Lakini mchungaji na mtu anayekimbia vita hawana nyumba ya kuweka kitambaa. Kwao ulitengenezwa mrija wenye wavu mdogo ndani, unaovaliwa shingoni kwa kamba. Unapiga goti kwenye dimbwi, unavuta maji kwa mrija, kiroboto kinabaki nje. Watu mamilioni walipewa. Kenya ilitangazwa huru na ugonjwa huu 2018, na Kongo yetu 2022. Leo wagonjwa duniani wanahesabika kwa vidole, kwa mwaka mzima. Ila tuelewane: mrija ule wa wavu unazuia kiroboto, hauzuii bakteria wa kipindupindu, yeye ni mdogo mno.

Goma, Julai 1994

Hii tunaiandika polepole, kwa sababu wapo wasomaji wetu ambao wazazi wao walikuwepo.

Kati ya tarehe 14 na 18 Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka kuingia Goma. Ndani yao walikuwemo waliofanya mauaji, na walikuwemo watoto, wazee na wanawake ambao hawakuua mtu. Kipindupindu hakikuuliza.

Fikirieni mahali penyewe. Ardhi ya Goma ni mawe ya volkano. Huwezi kuchimba choo, huwezi kuchimba kisima, hata kaburi huchimbi. Maji yaliyo karibu ni Ziwa Kivu, na watu walikunywa humo, wakaoga humo, na uchafu wote ukaingia humo. Kambi ya Kibumba haikuwa na maji kabisa, yalitegemewa malori. Tarehe 20 Julai mgonjwa wa kwanza wa kipindupindu akathibitishwa. Wiki ile ya kwanza, maji safi yaliyotolewa yalikuwa wastani wa lita 0.2 kwa mtu kwa siku. Hiyo ni kama glasi moja. Ndani ya mwezi mmoja walikufa watu karibu 50,000, wengi kwa kuhara.

Watu wanauliza: kwa nini hawakuchemsha? Goma ipo mita kama 1,500 juu ya bahari. Huko maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na joto hilo linatosha kabisa kuua kijidudu cha kipindupindu. Elimu ya kuchemsha walikuwa nayo. Kuni ndizo hazikuwepo za watu wote hao, wala sufuria, wala nguvu ya kutafuta kuni wakati mtoto anakauka mikononi. Hapa ndipo neno "kosa" linarudi. Mtu anayesema "walikufa kwa sababu ya ujinga" hajui hesabu. Huwezi kuchemsha glasi moja ukaoshea mikono, ukapikia na ukamnywesha mgonjwa.

Baada ya Goma, mashirika yalitazamana. Mwaka 1997 wakaanza mradi wa Sphere, kuandika viwango ambavyo misaada haitakiwi kushuka chini yake, na kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 2000. Ndimo ilimo lita 15 kwa mtu kwa siku. Ndimo yamo mambo ya bomba moja lisizidi watu 250, na nyumba isiwe mbali na maji kupita mita 500. Vijana, namba hizi zikariri. Hazikutoka kichwani mwa mtu ofisini. Zilitoka Kivu, kwenye mawe yale.

Jua la Kajiado

Kuna njia isiyotaka kuni wala dawa. Mwanzo wa miaka ya 1980 Aftim Acra na wenzake wa chuo kikuu cha Beirut, Lebanon, nchi iliyokuwa vitani, walionyesha kwamba maji katika chupa inayopitisha mwanga yakikaa juani, vijidudu vinakufa. Baadaye njia hii ilijaribiwa kwa watoto wa Kimaasai huko Kajiado, Kenya. Chupa ya plastiki, juu ya paa, mchana kutwa. Mwaka 1998 kipindupindu kikapita sehemu ileile. Kati ya watoto 155 wa chini ya miaka 6 waliokunywa maji ya juani, waliugua 3. Kati ya 144 ambao maji yao hayakuanikwa, waliugua 20. Kwa watu wakubwa tofauti hiyo haikuonekana, labda kwa sababu mtu mkubwa anatembea na kunywa popote. Tunalisema hilo kwa sababu hatutaki kuwauzia miujiza.

Kagunga, Mei 2015

Hii wengine wetu hatukuisoma, tuliipita. Warundi waliokimbia machafuko ya 2015 walifikia Kagunga, kijiji cha pwani ya Ziwa Tanganyika. Mbele ziwa, nyuma milima, barabara ya gari hakuna. Makumi ya maelfu ya watu wakajaa kwenye ufuko mwembamba wakisubiri meli, na ziwa likawa bomba na choo kwa pamoja. Kivu ilikuwa inajirudia. Kipindupindu kikaingia, wakaugua maelfu. Hadi karibu na mwisho wa Mei walikuwa wamehesabiwa waliokufa 31, wawili kati yao Watanzania wenyeji.

Watu 31 ni wengi, kila mmoja ana mama. Lakini linganisheni na Goma. Safari hii ORS zilikuwepo, maji yalitiwa klorini, Liemba, ile meli kongwe ya Wajerumani tangu 1915, ilipiga safari usiku na mchana kuwahamisha watu kwenda Kigoma, na baadaye kambini ikatolewa chanjo ya kunywa. Yaliyojulikana Bongaon, Malawi na Goma yalifika Kagunga kabla watu hawajaisha. Hiyo ndiyo faida ya historia.

Basi sisi tufanye nini?

Tunajua bomba hukauka, na tunajua vijana wanaoenda shamba au kuni wanakunywa huko huko. Hatutawaambia msinywe. Kiu haisikii bango. Tunasema hivi:

Maji ya tope kwanza yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Tope linakula klorini, tena linaficha vijidudu visipigwe na jua.

Ukiwa na kuni, chemsha mpaka yatokote vizuri, funika, yapoe humohumo. Ukiwa na kidonge cha maji, fuata kipimo cha pakiti, usubiri nusu saa. Ukiwa huna hata kimoja, chupa safi ya plastiki inayopitisha mwanga, isiyozidi lita 2, saa 6 juani. Kukiwa na mawingu, siku mbili.

Maji yaliyochemshwa hayana ulinzi baada ya hapo, mkono mchafu ukiingia yameharibika. Klorini inabaki inalinda kwa muda, na ile harufu ndiyo mlinzi mwenyewe. Ikikusumbua, acha maji yapumzike kwenye chombo safi kilichofunikwa. Usiyamwage ukaenda kijitoni.

Na ninyi ndugu wa mashirika, tunawaomba mambo mawili. La kwanza, mkituma vijana kufundisha, wapeni na hadithi hizi, si kibao cha picha peke yake. Mama akijua ndoo yenye mfuniko ilithibitishwa na mama mkimbizi mwenzake, ataitunza tofauti. La pili, msituambie tuchemshe bila kuuliza kuni zinatoka wapi. Dada zetu wanajua kinachowapata porini wakizifuata. Ushauri usio na kuni ni ushauri wa Goma.

Wenzetu, tukikugongea mlango na kichupa chetu wiki ijayo, usituone watu wa kubeba dawa ya wazungu. Tuulize maji yamepimwa lini, tuulize lita ngapi zimefika bloku yenu, tuulize bomba lenu lina watu wangapi. Kama ni zaidi ya 250, tuandike pamoja na tupeleke kwenye kikao cha maji. Hiyo ni haki iliyokwisha kulipiwa, na waliolipa wamezikwa juu ya mawe.